Kerry Packer na magari ya wagonjwa

Watoto, wiki hii tunasoma habari za Kerry Packer. Wazazi wenu wanaweza kumkumbuka kama mwenye televisheni ya Channel Nine, aliyeanzisha mashindano yake mwenyewe ya kriketi mwaka 1977. Alizaliwa Sydney tarehe 17 Desemba 1937, na utotoni aliugua polio.

Oktoba 1990 alikuwa Warwick Farm, si mbali sana na hapa Westmead, akicheza polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi. Akaanguka. Moyo ulisimama kwa dakika kama sita. Alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Australia, lakini fedha hazikumsaidia kitu pale. Bahati yake, gari la wagonjwa lililofika lilikuwa na mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Siku zile magari mengi ya jimbo letu hayakuwa nayo, na moyo ukishasimama kila dakika ina thamani (sisi wauguzi tunaliona hili kazini).

Alipopona akajitolea kulipa nusu ya gharama, serikali ya jimbo ilipe nusu, ili magari yote yawekewe mashine hiyo. Ndiyo maana babu akibanwa na kifua tunapiga 000, hatumpakii kwenye gari la nyumbani. La nyumbani halina mashine.

Mwaka 2000 rubani wa helikopta yake alimpa figo moja. Packer alifariki Sydney tarehe 26 Desemba 2005, akiwa na miaka 68.