Küchenmeister, daktari aliyefichua siri ya tegu wa nguruwe

DAKTARI Friedrich Küchenmeister wa Ujerumani alifariki dunia Aprili 13, 1890 mjini Dresden. Hata hivyo, kazi aliyoiacha ingali inamhusu kila anayefuga nguruwe, kila anayekula nyama yake, na hata yule ambaye hajapata kuigonja maishani.

Küchenmeister alizaliwa Januari 22, 1821 katika jimbo la Saxony. Alisomea udaktari katika miji ya Leipzig na Prague, kisha akafanya kazi ya tiba katika mji mdogo wa Zittau kabla ya kuhamia Dresden mwaka 1859.

Enzi hizo wataalamu walikuwa hawajakubaliana kuhusu chimbuko la tegu, mnyoo mrefu bapa unaoishi ndani ya utumbo wa binadamu. Wapo waliodhani kuwa hujizalisha wenyewe mwilini. Vifuko vidogo vyeupe vilivyoonekana katika nyama ya nguruwe navyo vilichukuliwa na baadhi ya wasomi mashuhuri, akiwamo Carl von Siebold, kuwa ni tegu waliopotea njia na kudumaa.

Küchenmeister hakuridhika na maelezo hayo. Aliamini kuwa kifuko kile ni hatua moja ya maisha ya tegu, kinachosubiri kuliwa ili kikue. Mwaka 1851 aliwalisha wanyama walao nyama vifuko vilivyotoka katika miili ya sungura, na tegu wakapatikana matumboni mwao. Swali likabaki kuwa moja: je, ndivyo ilivyo kwa nguruwe na binadamu?

Njia aliyoichagua kulijibu ndiyo iliyotia doa jina lake. Mwaka 1855 alipata nafasi ya kumfanyia jaribio mfungwa aliyehukumiwa kifo. Vifuko vilivyotolewa katika nyama ya nguruwe vilichanganywa katika chakula chake, ikiwamo supu na soseji. Baada ya hukumu kutekelezwa, mwili ulipasuliwa na tegu wachanga wakakutwa wameng'ang'ania ukuta wa utumbo. Alirudia jaribio hilo kwa mfungwa mwingine aliyelishwa miezi kadhaa kabla ya kuuawa, na mwaka 1860 alikuta tegu waliokua, baadhi wakiwa na urefu wa takriban mita moja na nusu.

Ubishi ulikwisha, lakini lawama zilianza. Wapo waliomshutumu wakati ule ule kwa kumfanya mtu anayesubiri kifo kuwa chombo cha majaribio. Leo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo ingeruhusu jambo hilo. Elimu inayookoa maisha ya wengi ilipatikana kwa watu wawili ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa.

Kitabu chake kuhusu vimelea vya binadamu kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1857. Mwaka huo huo, Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, wakifuata njia ya misafara kutoka pwani. Uislamu nao uliingia Tabora kwa njia hiyo hiyo, na hadi leo ziko familia nyingi mkoani humo zisizokula nguruwe. Nazo pia zinahusika na habari hii.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko bila kuiva, tegu humea utumboni mwake na baada ya miezi miwili au mitatu huanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho hupata vifuko katika misuli yake, na mzunguko ukaanza upya. Lakini mayai hayo yakiingia kinywani mwa binadamu kwa mikono michafu, maji au mboga, vifuko huota mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na kumletea kifafa. Hahitaji kula nguruwe. Inatosha kupikiwa na mwenye tegu ambaye hakunawa mikono. Katika miaka ya 1990 na 1991, ugonjwa huo uligunduliwa mjini New York miongoni mwa Wayahudi wa madhehebu yasiyokula kabisa nyama ya nguruwe.

Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Haydom na kuchapishwa mwaka 2009 ulichunguza wagonjwa 212 wa kifafa. Vichwa vya 38 kati yao vilikutwa na dalili za vifuko vya tegu kwenye ubongo. Ni ugonjwa ambao katika jamii nyingi huhusishwa na mapepo au kurogwa, na mgonjwa akafichwa ndani badala ya kupelekwa hospitalini.

Kwa wakazi wa Choma, wilayani Igunga, kama ilivyo kwa vijiji vingine vya nchi hii, alichokithibitisha Küchenmeister kinaonyesha mahali pa kuukata mzunguko huo. Choo kitumiwe na watu wote wa kaya, watoto wakiwamo. Nguruwe wafungiwe bandani. Nyama ikaguliwe na bwana nyama kabla ya kuuzwa, na kitimoto kipikwe hadi kiive ndani, wekundu wote uishe. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula.

Anayeona vipande vyeupe bapa katika kinyesi chake aende kituo cha afya, kwa kuwa dawa ya kumtoa tegu ipo. Asinunue dawa hiyo dukani na kuimeza kiholela: ikiwa vifuko vimeshafika kwenye ubongo, kuviua bila uangalizi wa daktari kunaweza kumwangusha mgonjwa kwa kifafa kikali.