Themistocles: Mwokozi wa Athens Aliyefia kwa Adui

Ugiriki ya karne ya tano kabla ya Kristo haikuwa dola moja. Ilikuwa mamia ya miji, kila mmoja ukiwa na sheria zake, jeshi lake na fitina zake. Sparta ilisifika kwa askari wake wa nchi kavu. Athens nayo ilikuwa imeanza kusifika kwa jambo geni zaidi, yaani utawala wa raia, ambapo vita na amani viliamuliwa kwa kura katika mkutano wa hadhara. Katika mji wa namna hiyo, asiyeweza kushawishi hakuweza kuongoza. Themistocles alilielewa jambo hilo kuliko wenzake, na maisha yake yanadhihirisha jinsi akili na ulimi vinavyoweza kumkweza mtu, na pia jinsi vinavyoweza kumponza.

Alizaliwa yapata mwaka wa 524 K.K. Baba yake, Neocles, hakuwa miongoni mwa vigogo wa mji, na inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa mgeni. Hivyo basi, hakurithi jina kubwa la kumfungulia milango ya siasa. Ilimbidi aifungue mwenyewe. Mwaka wa 493 K.K. alishika wadhifa wa hakimu mkuu wa mwaka, na katika kipindi hicho akaanzisha ujenzi wa ngome katika rasi ya Piraeus, yenye ghuba tatu za kiasili. Hadi wakati huo Waathene walikuwa wakivuta vyombo vyao juu ya mchanga wa Phalerum, ufuo usiokuwa na kinga yoyote. Wengi hawakuona haja ya gharama hiyo. Yeye alikuwa amekwisha kuona kwamba uhai wa mji ungetegemea bahari.

Mwaka wa 490 K.K. Waajemi walishindwa katika uwanda wa Marathon. Athens ikashangilia, ikidhani kwamba vita vimekwisha. Themistocles aliuchukulia ushindi huo kuwa mwanzo tu. Yapata mwaka wa 483 K.K. mshipa tajiri wa madini ya fedha uligunduliwa katika machimbo ya Laurium, na pendekezo likatolewa kwamba kila raia agawiwe drakma kumi. Kumwambia maskini aache pesa zilizo mkononi kwa ajili ya hatari iliyo ng'ambo ya bahari si kazi rahisi. Themistocles hakuitaja sana Uajemi. Alikitaja kisiwa jirani cha Aegina, hasimu wa karibu ambaye merikebu zake Waathene walizijua na kuzichukia. Raia wakakubali, na badala ya drakma kumi kumi, mji ukapata kundi la merikebu za vita zilizokuwa takriban 200 kufikia mwaka wa 480 K.K.

Uamuzi huo uliubadilisha mji kwa ndani pia. Kila merikebu ilihitaji wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa raia wasio na mashamba wala silaha za thamani. Mtu aliyekuwa hana sauti sasa alishika kasia ambalo usalama wa wote uliutegemea. Wakubwa wa mji hawakufurahia mageuzi hayo. Aristides, mpinzani mkuu wa Themistocles na mtu aliyesifika kwa uadilifu, alifukuzwa mjini mwaka wa 482 K.K. kwa kura ya vigae. Katika kura hiyo, kila raia aliandika juu ya kigae jina la mtu aliyetaka aondolewe, na aliyepatikana alikaa uhamishoni miaka kumi.

Mwaka wa 480 K.K. Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliivamia Ugiriki kwa majeshi ya nchi kavu na ya baharini. Kahini wa Delphi alikuwa ametabiri kwamba ukuta wa mbao pekee ndio usingeanguka. Baadhi ya wazee waliufasiri utabiri huo kuwa ni boma la mbao la Acropolis. Themistocles aliufasiri kuwa ni merikebu, na fasiri yake ikashinda. Wanawake na watoto wakavushwa hadi Troezen, Aegina na Salamis. Waajemi walipoingia Athens waliukuta mji karibu mtupu, wakauteketeza.

Merikebu za Wagiriki, zaidi ya 300, zilikusanyika katika mlangobahari wa Salamis chini ya Eurybiades, amiri kutoka Sparta. Wengi wa makamanda walitaka kurudi nyuma na kulinda shingo ya nchi ya Corinth. Themistocles alitambua kwamba wakiondoka hapo kila mmoja angekimbilia kwao, na kwamba katika bahari pana wingi wa Waajemi ungewameza. Alipoona hoja zake zinapuuzwa, alimtuma kwa siri Sicinnus, mtumwa aliyekuwa mlezi wa watoto wake, awaambie Waajemi kwamba Wagiriki wako karibu kutoroka na kwamba bwana wake anamtakia mfalme ushindi. Usiku huo Waajemi wakaziba njia. Kulipopambazuka, Wagiriki hawakuwa na budi kupigana, na walipigana pale pale alipotaka Themistocles. Katika maji yale membamba merikebu za Waajemi ziligongana na kuzuiana, huku Xerxes akitazama kutoka pwani. Mwaka uliofuata, 479 K.K., jeshi la nchi kavu la Waajemi lilivunjwa huko Plataea.

Sparta ilimtunukia Themistocles taji la mzeituni. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya yeye kuihadaa Sparta yenyewe. Waathene waliporudi kwao walitaka kujenga upya ukuta wa mji, na Sparta ikapinga. Themistocles alikwenda huko kama mjumbe, akavuta siku kwa visingizio na kukana kwamba ujenzi ulikuwa ukiendelea, ilhali nyumbani wake kwa waume walijenga usiku na mchana kwa kila jiwe lililopatikana, yakiwemo mawe ya makaburi. Waakiolojia wameyakuta mawe hayo ndani ya masalio ya ukuta huo.

Hapo ndipo penye kitendawili cha maisha yake. Aegina ilikuwa kisingizio, ujumbe wa Sicinnus ulikuwa hila, na safari ya Sparta ilikuwa hadaa. Na kila mara mji ulinufaika. Lakini watu waliomwona akiwazunguka maadui na marafiki kwa ustadi ule ule walianza kujiuliza ni lini zamu yao ingefika. Isitoshe, hakuchoka kuwakumbusha fadhila zake. Yapata mwaka wa 471 K.K. kura ya vigae ilimwangukia yeye. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa Acropolis vilipatikana vigae 190 hivi vyenye jina lake, vilivyoandikwa kwa mikono ya watu 14 tu. Ni dhahiri kwamba wapinzani wake nao walikuwa wamejifunza kupanga mambo kabla ya siku yake.

Alipokuwa uhamishoni Argos, Sparta ilimshtaki kwa kula njama na Waajemi, na Athens ikamhukumu kama mhaini bila ya yeye kuwapo. Alikimbilia Corcyra, kisha kwa Admetus, mfalme wa Wamolossia, ambaye zamani hawakupatana. Huko aliketi penye meko akiwa amempakata mtoto wa mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya mwomba hifadhi. Hatimaye alivuka bahari hadi Uajemi, kwa Artaxerxes, mwana wa Xerxes. Aliomba mwaka mmoja kabla ya kuonana na mfalme, akautumia kujifunza Kiajemi ili ajieleze mwenyewe. Mfalme alimpa mji wa Magnesia kwa mkate wake, Lampsacus kwa divai na Myus kwa kitoweo.

Alifariki Magnesia yapata mwaka wa 459 K.K. Mwanahistoria Thucydides ameandika kwamba aliugua, ingawa wapo waliosema alikunywa sumu asije akalazimika kuupiga vita mji wake. Thucydides huyo huyo alimhesabu kuwa hodari mno wa kuyaona yajayo na kuamua lifaalo kwa muda mfupi. Sifa hiyo haina mpinzani. Kile ambacho Themistocles hakukijenga kwa uthabiti alioujengea ukuta ni imani ya raia wenzake. Sheria ilikataza mhaini kuzikwa katika ardhi ya Athens. Jamaa zake walisema kwamba, kwa agizo lake, mifupa yake ilirudishwa nyumbani na kuzikwa kwa siri katika nchi aliyoiokoa.