Hans Meyer: safari tatu za kupitia Unguja hadi kilele cha Kilimanjaro

Mlima Kilimanjaro hauonekani kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hata hivyo, miaka ya 1880 Mzungu aliyetaka kuupanda alilazimika kwanza kushuka hapa. Hapa ndipo alipopata wapagazi, ambao kwa desturi walilipwa sehemu ya ujira kabla ya kuondoka, na bidhaa za kubadilishana na chakula njiani: merikani, shanga na waya.

Mmoja wao alikuwa Hans Meyer, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1858 katika ukoo wa wachapishaji vitabu. Hakukosa fedha. Kilichomsumbua ni jinsi ya kulipanga lengo lake, na ilimchukua safari tatu kulijua hilo.

Mwaka 1887 alipanda hadi kwenye ukingo wa barafu, akakwama. Hakuwa na vifaa vya kukatia barafu, wala mwenzake hakuwa na nguvu za kuendelea. Akarudi pwani.

Mwaka uliofuata, badala ya kurekebisha kasoro hizo, alilikuza lengo. Akiwa na Oscar Baumann, Mwaustria ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu kisiwa cha Unguja, alikusanya msafara wa zaidi ya watu 200 ili apite Usambara, afike Kilimanjaro na kuendelea mbele zaidi. Lakini Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kuitawala pwani kwa mkataba na Sultani, na watu wa Pangani wakiongozwa na Abushiri bin Salim wakaikataa. Wapagazi wengi walitoroka. Sisi hatuoni sababu ya kuwalaumu, kwani vita vilikuwa mbele yao na mlima haukuwa wao. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, na wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Mlima hata hawakuufikia.

Mwaka 1889 Meyer alirudi Zanzibar na mpango tofauti. Kwa kuwa vita vilikuwa bado vinaendelea upande wa Pangani, alipita Mombasa. Msafara ulikuwa mdogo zaidi, na safari hii alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg aliyekuwa amepanda mamia ya vilele vya Alps.

Badiliko kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa kambi. Kutoka Marangu kwa Mangi Marealle, Meyer aliweka kituo juu ya msitu na kingine kwenye uwanda wa baridi, zaidi ya mita 4,000, kati ya Kibo na Mawenzi. Wapagazi walipandisha chakula kila baada ya siku chache. Huko nyuma, kushindwa siku moja kulimaanisha kurudi hadi baharini. Sasa kulimaanisha kurudi hemani, kulala na kujaribu tena.

Na ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 3 walikata ngazi kwenye barafu kwa saa nyingi, wakafika ukingoni mwa kreta alasiri wakiwa hoi. Sehemu ya juu kabisa waliiona ikiwa bado mbali kidogo. Wakageuka. Uamuzi huo, tunadhani, ulikuwa mgumu kuliko kupanda. Baada ya mapumziko walilala pangoni, karibu zaidi na barafu, na Oktoba 6, 1889 wakasimama kileleni.

Kule kambini, siku zote hizo, alikuwapo Muini Amani, kijana wa Pangani aliyekubali kubaki nao kwenye baridi, akipika na kulinda hema. Bila yeye mpango wote ungeporomoka.

Meyer alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, jambo linaloonyesha kwamba lengo lake halikuwa la michezo pekee: Berlin ilitaka mlima mrefu kuliko yote katika himaya yake. Jina hilo lilidumu muda mrefu, hadi uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 kilele cha mita 5,895 kilipoitwa Uhuru.

Mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro, akakuta barafu imepungua. Baadaye alikuwa profesa mjini Leipzig, na huko alifariki mwaka 1929. Pango lenye jina lake bado lipo kwenye njia ya Marangu, na wapandaji hupumzika hapo usiku, kabla ya kuanza mwinuko mkali wa kwenda ukingoni.