MWANA KUPONA: MAMA ALIYEKAA NA BINTIYE WAKATI WA DHIKI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, Ramadhan Kareem. Katika mwezi huu wa kusameheana, hebu tumkumbuke mama mmoja wa hapa hapa kwetu Pate, ambaye jina lake sote twalijua lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui.

Bi Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate. Aliolewa na Sheikh wa Siyu, Muhammad bin Is-haq, mashuhuri kwa jina la Bwana Mataka. Mzee huyu hakukubali kutawaliwa na Sayyid Said wa Zanzibar, wakapigana miaka na miaka. Ukifika Siyu leo ngome ungali waiona. Kwa hivyo nyumba ya Bi Mwana Kupona haikuwa nyumba ya starehe tu. Ilikuwa nyumba ya vita, ya kungoja habari, ya kutojua kesho kutakucha vipi.

Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Mama akabaki mjane na watoto. Kisha maradhi yakamshika, akaugua muda mrefu. Bintiye, Mwana Hashima, alikuwa msichana wa miaka kama 17 hivi. Hebu jiweke mahali pake: baba ameshakwenda, na mama yuko kitandani hali yake si nzuri. Mtoto kama huyu ana maswali mangapi moyoni?

Mama angeweza kunyamaza. Wangapi kati yetu hunyamaza kwa kusema mtoto asitiwe hofu? Yeye hakunyamaza. Alimwita bintiye akae karibu naye, alete wino na karatasi, akamwambia wazi kwamba anaumwa na kwamba ana maneno ya kumwambia. Hapo ndipo ulipotoka Utendi wa Mwana Kupona, mwaka 1858, yaani 1275 Hijria, wenye beti 102.

Alimpa nini? Kwanza, aishike dini, asiache faradhi. Pili, awe na adabu na ulimi mzuri. Tatu, awe mkweli. Kisha akamtajia radhi tano za kutafuta: ya Allah, ya Mtume (S.A.W.), ya baba, ya mama na ya mume. Sehemu ya mke na mume ni ndefu, na wasomi wa leo wanabishana juu yake. Wabishane. Lakini tusisahau kwamba mama huyu alimsimulia bintiye pia ndoa yake mwenyewe, walivyoishi kwa mapenzi mpaka mumewe akafa akiwa radhi naye. Hakumpa amri kavu, alimfungulia moyo wake.

Na mwisho je? Mwisho aliinua mikono. Akamuomba Allah (S.W.) amponyeshe, akamkabidhi watoto wake, akawaombea jamaa na Waislamu wote. Karibu mwaka 1860 akafariki, lakini maneno yakabaki. Waliyahifadhi watu wa Lamu na Pate, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakayatoa kitabu huko Uingereza.

Ndugu zangu, siku hizi twasikia habari za ushauri nasaha, mtu kukaa na mtaalamu akaeleza yaliyomsibu. Kuna wanaosema hayo ni mambo ya kizungu. Si kweli. Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, Bi Khadija (R.A.) alimfunika, akamsikiliza, akamliwaza, kisha akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal, mtu mwenye elimu zaidi. Tazama mpango huo: kwanza sikio la nyumbani, kisha mjuzi.

Basi kijana, ukiona hulali, huli, moyo umekuwa mzito, usijifungie chumbani. Kulalamika kwa Allah ni ibada, na kumwambia mama, nyanya, ustadhi au mshauri wa hospitali si upungufu wa imani. Na wewe mzazi, mtoto akija, usianze na makelele wala usikimbilie kusema ni shetani. Msikilize kwanza. Ukiona limekushinda, mpeleke kwa wanaojua.

Na kila mmoja wetu awe na misingi yake mitatu minne aliyoishika, kama ile ya Mwana Hashima, kwa sababu siku ya dhiki mtu hana nafasi ya kuanza kutafuta la kushika.

Usiku wa leo baada ya tarawehe, zimeni televisheni, wekeni simu kando, mkae. Muulizaneni hali, ya kweli si ya mdomoni.

Allah amrehemu Bi Mwana Kupona, awaponyeshe wagonjwa wetu, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.