Kathleen Collins: Alisomea falsafa, akaishia kwenye filamu

Mwambie mzazi wa hapa kwetu kwamba unataka kusomea filamu, uone atakavyokukazia macho. Mwambie ni falsafa, atauliza karo yake inaenda wapi. Kuna dada mmoja, Mmarekani mweusi, aliyeanza na hiyo falsafa, akahamia filamu, na jina lake halijafutika hadi leo.

Kathleen Collins alizaliwa 1942 mjini Jersey City, jimbo la New Jersey. Alijiunga na Skidmore, chuo kidogo katika jimbo la New York, wakati huo kikiwa cha wanawake tu. Vyuo vya aina hii havimfungi mwanafunzi kwenye kazi moja mapema. Unaonja fasihi, historia, sanaa na dini, kisha unachagua njia yako. Collins alichagua falsafa na dini, akahitimu 1963. Na hakuwa wa vitabu tu. Mwaka wa 1962 alishuka hadi Georgia kusaidia watu weusi kujisajili kupiga kura, na polisi wakamtia ndani.

Filamu ilimkuta njiani. Alipata ufadhili wa kwenda Paris, akasoma shahada ya uzamili kupitia chuo cha Middlebury, ambacho pia ni cha aina hiyo hiyo. Alichofuata ni fasihi ya Kifaransa, lakini huko akakutana na somo la jinsi maandishi yanavyogeuzwa kuwa filamu. Basi, akanasa.

Aliporudi Marekani hakuna aliyekuwa akimsubiri na kamera. Alifanya kazi ya kuhariri filamu New York. Aliandika skripti, akazunguka kutafuta pesa za kuitengeneza, wapi! Nani angempa mwanamke mweusi pesa za kuongoza filamu miaka hiyo? Mwaka wa 1974 akaanza kufundisha filamu City College, jijini humo.

Sasa sikia hii. Aliyemsukuma atengeneze filamu yake mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, Ronald Gray. Walianza na dola kama 5,000 hivi, Gray akashika kamera, na 1980 wakatoa The Cruz Brothers and Miss Malloy.

Miaka miwili baadaye wakaja na Losing Ground. Inamhusu Sara, mwalimu wa falsafa chuoni, aliyeolewa na mchoraji. Ndoa inayumba. Mwanafunzi mmoja anamwomba aigize katika filamu anayoitengeneza, na mbele ya kamera hiyo Sara anaanza kuachilia mambo aliyoyafungia moyoni. Humo watu weusi si majambazi wala vijakazi. Ni wasomi na wasanii wenye shida zao za kawaida, za mapenzi na za kujitafuta.

Wasambazaji hawakuitaka. Ilionyeshwa mara chache tu, kisha ikawekwa kabatini. Collins aliendelea kufundisha na kuandika hadithi na michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1988 saratani ya matiti ikamuua akiwa na umri wa miaka 46. Filamu yake ilikuwa bado haijafika kwenye kumbi za sinema za kwao.

Binti yake, Nina, aliachiwa sanduku limejaa maandishi ya mamake. Miaka mingi ilipita kabla hajapata nguvu ya kuyapitia vizuri. Alisimamia filamu hiyo ikarekebishwa, na 2015 ikaingia sinema New York, watu wakashangaa ilikuwa imejificha wapi. Mwaka uliofuata kitabu cha hadithi fupi za Collins kikachapishwa. Na 2020, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka Losing Ground kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Mimi chuo kilinishinda, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Pia sitakudanganya kwamba mambo yalimwendea sawa mwishowe, kwa sababu sifa zilikuja yeye akiwa kaburini. Ninachokiona ni kwamba hakuna alichosoma kikapotea bure. Falsafa, Kifaransa, hata ualimu, vyote vimo kwenye filamu ile. Ni ya dakika 86 tu. Itafute, kisha umwonyeshe huyo mzazi.