Daktari Livingstone na Kipimo cha Dawa

Ukitoka Ng'ambo, mjini Tabora, ukaenda kilometa chache hadi Kwihara, utaikuta nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Humo, mwaka 1872, alikaa mgeni mmoja. Jina lake ni David Livingstone. Watu wengi humjua kuwa ni msafiri. Katika somo hili utamjua kuwa ni daktari, nawe utajifunza kwa nini dawa haina budi kupimwa.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Blantyre, nchini Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10, yaani karibu sawa na wewe, alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alifanya kazi mchana kutwa na kusoma usiku. Baadaye alisomea udaktari mjini Glasgow, akafaulu mwaka 1840. Mwaka uliofuata aliwasili kusini mwa Afrika.

Siku hizo homa ya malaria iliwaua wasafiri wengi. Hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Livingstone, kama madaktari wenzake, alidhani homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Hata hivyo, dawa yake ilikuwa imekwisha julikana. Dawa hiyo ni kwinini, itokayo katika magamba ya mti uitwao sinkona.

Zamani watu walisaga magamba hayo wakayanywa. Lakini magamba ya mti mmoja yalikuwa na dawa nyingi, na ya mti mwingine dawa kidogo. Mgonjwa hakujua amekunywa kiasi gani. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka katika magamba. Tangu hapo daktari aliweza kuipima dawa kwa mizani.

Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe. Alipima kwa kipimo cha zamani kiitwacho punje. Punje 1 ni karibu miligramu 65. Alichukua kwinini punje 3, na kalomeli, ambayo ni dawa yenye zebaki, punje 3. Kisha aliongeza dawa mbili za kuharisha zitokazo katika mizizi, kila moja punje 6 hadi 8. Aliuchanganya unga huo kwa maji ya dawa ya iliki, akafanya vidonge 4. Mwanamume alimeza vyote 4. Mwanamke aliambiwa kuwa kimoja kinatosha.

Sasa chukua kalamu yako, tufanye hesabu. Kwinini katika vidonge vyote 4 ilikuwa hivi:

3 × 65 = miligramu 195.

Katika kidonge kimoja ilikuwa:

195 ÷ 4 = miligramu 48.75, yaani karibu 49.

Linganisha na kanuni ya wakati wetu. Mgonjwa anayetibiwa kwa kwinini hupewa miligramu 10 kwa kila kilo 1 ya uzito wake, kila baada ya saa 8. Mtu mzima mwenye kilo 60 hupewa:

60 × 10 = miligramu 600 kwa mara moja.

Unaona kwamba vidonge 4 vya Livingstone havikufika hata nusu ya kiasi hicho. Yeye mwenyewe alitambua kuwa havitoshi. Kwa hiyo, baada ya vidonge, aliendelea kumpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yavume. Mvumo wa masikio ni dalili kwamba kwinini imekuwa nyingi mwilini. Livingstone aliufanya mwili wa mgonjwa kuwa mizani yake.

Fikiri pia juu ya kile kidonge kimoja cha mwanamke. Je, mwanamke ana uzito wa robo ya mwanamume? La. Hapo kipimo hakikufuata uzito wa mwili. Tena, zebaki ni sumu, na leo hatunywi dawa yenye zebaki. Mwaka 1862 Mary, mke wa Livingstone, alishikwa na homa huko Shupanga, karibu na mto Zambezi. Alipewa dawa, lakini alifariki dunia.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari nyingine kutoka pwani, karibu na mto Ruvuma. Mwezi wa Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia ya kaskazini, wapagazi wawili walitoroka na mizigo. Ndani ya mzigo mmoja lilikuwamo sanduku la dawa. Wenzao waliwatafuta, lakini mvua kubwa ilikuwa imefuta nyayo. Livingstone aliona kana kwamba amehukumiwa kufa.

Tangu siku hiyo aliugua mara kwa mara. Mwezi wa Machi 1869 alifika Ujiji akiwa hoi. Alitumaini kukuta dawa zilizotumwa kutoka pwani. Kumbe dawa hizo zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, yaani hapa Tabora, mwendo wa siku 13, na vita vilikuwa vimefunga njia. Dawa iliyo mbali haiponyi.

Mwishoni mwa mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Henry Stanley, alimkuta Ujiji akampa chakula na dawa. Wote wawili wakaja Kwihara mwezi wa Februari 1872. Stanley alirudi pwani mwezi wa Machi. Livingstone aliondoka mwezi wa Agosti, akaelekea kusini tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nguvu zilimwishia. Usiku wa mwisho alimwomba mtumishi wake Susi amletee sanduku la dawa. Macho yake hayakuona vizuri. Kwa taabu aliichagua kalomeli, akaomba maji. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, wakapita Tabora, hadi Bagamoyo.

Leo malaria hutibiwa kwanza kwa dawa mseto, na muuguzi humpima mgonjwa uzito kabla ya kumpa dawa. Ukipewa dawa, meza kiasi ulichoambiwa, kwa saa ulizoambiwa, mpaka iishe. Dawa kidogo huwaacha vijidudu hai; dawa nyingi huwa sumu. Usijipimie dawa mwenyewe, wala usimpe mdogo wako kidonge cha mtu mzima.

Zoezi

1. Kwa nini kutengwa kwa kwinini mwaka 1820 kulisaidia kupima dawa?
2. Kwa kanuni uliyojifunza, mtoto mwenye kilo 20 angepewa miligramu ngapi za kwinini kwa mara moja? Kwa siku nzima?
3. Eleza makosa mawili katika vidonge vya Livingstone.
4. Pamoja na mwalimu wako, tembelea zahanati. Uliza jinsi mtoto apimwavyo uzito kabla ya kupewa dawa.