Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Aliyeimaliza Kazi Juzuu kwa Juzuu

Twapenda safari hii kuwaeleza ndugu zetu tarehe ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Jina lake si geni kwa mtu wa Pwani. Tafsiri yake ya Qurani imo majumbani Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, na imo vile vile katika vyumba vya kupanga vya huku Kawangware, ambako wengi katika sisi tumekuja kutafuta riziki. Lakini wengi wanaoishika hawajui jinsi ilivyopatikana, wala hawajui ni miaka mingapi Waislamu wa nchi hizi walikaa bila ya kuwa nayo.

Tumeichagua tarehe hii kwa sababu ya maradhi moja yanayotutafuna. Nayo ni maradhi ya kuakhirisha, ambayo wanavyuoni wameyaita taswifu. Mmoja wetu ameazimia kujifunza maana ya sura anazozisoma katika Sala. Mwingine ameazimia kuandika wasia wake. Mwingine ana babu yake aliye hai, anajua khabari za mji na ukoo ambazo hazijulikani na mtu mwingine, naye ameazimia kuziandika. Wote hawa wana nia njema, na wote wanangoja faragha. Faragha haiji, na babu anazidi kuzeeka. Basi na tumtazame mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko sisi, tuone alivyofanya.

Sheikh Abdulla alizaliwa Unguja mwezi wa Februari 1912, mwanzoni mwa utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub. Unguja ya siku hizo ilikuwa chuo cha Afrika ya Mashariki yote. Watu walikuja kusoma kutoka Lamu, Ngazija na Barawa. Alisoma kwa Sheikh Ahmad bin Muhammad Mlomri, kwa Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na kwa Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit, ambao kila mmoja wao alikuwa bahari. Na pamoja na darasa za msikitini, aliingia skuli ya Serikali, kisha akajifunza kazi ya ualimu. Akawa miongoni mwa watu wachache wa zama zake waliokusanya mafunzo ya namna mbili: elimu ya zamani ya kukaa mbele ya sheikh na kitabu, na utaratibu wa skuli wa saa, ratiba na daftari.

Mwaka 1933 alianza kusomesha. Kila aliyewahi kuwa mwalimu anajua kuwa kazi hii humla mtu. Asubuhi ni wanafunzi, mchana ni madaftari ya kusahihisha, na kwa mtu kama yeye, jioni na usiku ni darasa za msikitini. Baadaye akawa mkaguzi wa mafunzo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, kisha mwalimu mkuu. Lau angalisema kuwa ataandika pindi atakapopumzika, asingemlaumu mtu. Lakini mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha ya Seyyid Said bin Sultan, na mwaka 1944 akatoa kitabu cha tarehe ya Imamu Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika.

Kitabu hiki cha pili chafaa kuzingatiwa. Ndani yake alikusanya khabari za masheikh wa pwani hii: nani alisoma kwa nani, nani alikuwa kadhi wapi, nani alikufa lini na akaacha wanafunzi gani. Khabari hizi hazikuwa katika maktaba yoyote. Zilikuwa katika vifua vya wazee, na wazee hawakai. Yeye alizichukua wakati wenyewe wangali hai. Leo mtu akitaka kuandika juu ya wanavyuoni wetu, awe Mombasa au Ulaya, hana budi kukirejea kitabu kile. Profesa Randall Pouwels wa Marekani aliifasiri kwa Kiingereza kazi yake juu ya wanavyuoni hawa, ikachapishwa mwaka 1989. Lau mwandishi angalingoja miaka 20 apate faragha, nusu ya aliowauliza wangalikuwa makaburini.

Sasa tufike kwenye kazi yake kubwa. Msomaji hawezi kuijua thamani yake mpaka ajue hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1923 padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA ya Unguja, alitoa tafsiri ya Qurani nzima kwa Kiswahili. Ikawa Mwislamu asiyejua Kiarabu, akitaka kukifahamu Kitabu chake kwa lugha ya mama yake, mlango uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa mlango wa padri. Sisi wenyewe tulikuwa bado tunajadiliana kama yajuzu kufasiri au haijuzu, na nani anafaa kufasiri, na wakati gani.

Katika waliotambua khatari hiyo alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tokea mwaka 1937. Yeye alianza kuifasiri Qurani. Lakini mwaka 1947 mauti yalimfika, na kazi ingali mbali na mwisho wake. Sehemu alizoziandika zilikuja kuchapishwa baada ya kufa kwake. Hatusemi hata kidogo kuwa alizembea. Alibeba ukadhi, gazeti, kusomesha na kutunga kwa pamoja, na kila kimoja kinamtosha mtu mzima. Twasema tu kuwa ajali haimngoji hata mbora wetu. Mwaka 1953, Nairobi, jamaa wa Ahmadiyya walitoa tafsiri yao. Basi ikawa wako wawili waliomaliza, na Waislamu wa Sunni, ambao ndio wengi wa watu wa Pwani, hawana tafsiri kamili iliyo yao.

Hapo ndipo alipoingia Sheikh Abdulla. Qurani ina sura 114, na aya zake kwa hisabu iliyo mashuhuri ni 6,236. Mtu akiikabili kazi hiyo yote kwa mara moja, akawaza lugha, sababu za kushuka, hukumu, kauli za wafasiri na maelezo yatakayomfaa msomaji wa Kiswahili, kalamu humwanguka. Huu ndio mlango anaopitia Ibilisi wa taswifu. Hamwambii mtu aiache kheri, kwani mtu angemtambua. Humwambia kheri hii ni kubwa, haifai kuanzwa mpaka uwe tayari.

Sheikh hakuingoja siku ya kuwa tayari kwa zote 30. Tokea miaka ya 1950 tafsiri yake ilikuwa ikichapishwa Unguja vipande vipande, na watu wakivinunua na kuvisoma, hali kazi inaendelea. Kila kipande kilikuwa na mwanzo na mwisho wake. Kila kipande kilikuwa kazi iliyokwisha, si ahadi. Na kwa kuwa alikuwa akifasiri pia kwa mdomo katika darasa zake, aya alizoziandika zilikuwa ni aya alizokwisha kuzieleza mbele ya watu, akasikia wanapouliza na akaona wanapokwama. Basi hakuketi peke yake na karatasi nyeupe. Aliketi na jambo lililokwisha kupata joto.

Hapa pana siri ambayo twataka ndugu zetu waishike. Kazi yoyote ya akili ina uzito mwanzoni. Dakika za kwanza nafsi hutafuta maji ya kunywa, hutafuta dirisha la kufunga, hukumbuka deni la mtu. Ukistahamili ukaingia, neno hulivuta neno, moyo huhudhuria, na mara husikia adhana ukashangaa wakati umekwenda wapi. Wanavyuoni wetu waliijua hali hii katika Sala na katika kusoma, wakaiita hudhuri ya moyo. Na siku hizi wataalamu wa elimu ya nafsi wameichungua. Profesa Mihaly Csikszentmihalyi, aliyezaliwa mwaka 1934 na akafa mwaka 2021, aliyesomesha miaka mingi Chicago, aliwauliza wachoraji, wapanda milima, wachezaji wa sataranji na matabibu wapasuaji juu ya saa zao za kuzama kazini, akaandika kitabu mashuhuri mwaka 1990. Alieleza kuwa hali ile huja pakiwapo mambo matatu. La kwanza, mtu ajue khasa anataka kufanya nini saa ile. La pili, apate kuona papo hapo kama anakwenda vyema. La tatu, kazi isiwe nyepesi ikamchosha kwa upweke wake, wala isiwe nzito kupita uwezo wake ikamtisha.

Itazame kazi ya Sheikh Abdulla kwa mizani hiyo. Aya ina mpaka ulio dhahiri. Wanafunzi na wasomaji walimrudishia khabari. Na uwezo alikwisha kuuandaa tangu utoto wake, mbele ya masheikh wake. Hili la mwisho tusilisahau, kwani wako wanaodhani kuwa kuzama kazini ni bahati. Asiyesoma nahau hazami katika tafsiri. Huzama katika makosa.

Njia yake haikuwa tambarare. Mwaka 1960 alifanywa Kadhi wa Zanzibar, na ukadhi ni mlango usiofungwa: talaka, mirathi, watu waliogombana tangu jana. Mwezi wa Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na mji aliozaliwa ukageuka. Mwaka 1967 aliihama Unguja akaja Kenya, na mwaka 1968 akashika kazi ya Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu anayetafuta udhuru wa kuiweka kazi kando, katika miaka hii angepata udhuru kwa kila mwezi. Lakini kazi iliyogawanywa ina fadhila hii, kuwa dhoruba haiivunji yote. Juzuu iliyokwisha imekwisha. Mtu huhama nayo, akafungua alipoishia.

Mwaka 1969 tafsiri nzima ilitoka katika kitabu kimoja, kwa jina la Qurani Takatifu, ikatolewa na Islamic Foundation hapa hapa Nairobi, pamoja na dibaji ya Sayyid Abul A'la Maududi wa Pakistani. Tokea kitabu cha padri Dale hata siku hiyo ilikuwa imepita miaka 46. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1923 alikuwa amekwisha kuwa na wajukuu. Hiyo ndiyo bei ya kungoja, na hailipwi na anayengoja peke yake.

Hatusemi kuwa kila mtu alikubali kila alichokiandika. Wako masheikh waliompinga katika baadhi ya maelezo yake na katika ukali wake juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na majadiliano hayo yaliendelea. Lakini kazi iliyotoka hujadiliwa, husahihishwa, na mwingine hujenga juu yake. Kazi iliyobaki kifuani haina hata wa kuipinga. Alishika ukadhi wa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akaenda Oman, na huko akafa mwaka 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu yetu wa Kawangware atasema kuwa Sheikh alikuwa mwanachuoni, naye ni mtu wa kutoka kabla jua halijachomoza, kukwea matatu, kurudi usiku, na kulala katika chumba ambacho redio ya jirani ni kama imo ndani yake. Udhuru huu twaujua na hatuudharau. Wala ndugu yetu wa Mombasa mwenye duka hana faragha zaidi. Wateja wake hawamwishi. Lakini hatukumwambia mtu afasiri Qurani. Twamwambia aifanye kazi yake aliyoiazimia kuwa uradi. Uradi haungoji hamu. Una saa yake, na una kiasi chake kidogo, na mtu huuleta akiwa na furaha au akiwa na huzuni. Hamu hufuata kazi; mara chache huitangulia.

Basi anayetaka maana ya sura fupi na aanze na Al-Asri, yenye aya tatu tu, asiguse nyingine mpaka aweze kumweleza mwanawe. Anayetaka kuandika wasia na aandike leo madeni yake peke yake, na kesho amana za watu. Mwenye babu na amwulize jambo moja tu usiku huu: alisoma kwa nani. Na akae mahali pamoja, nusu saa baada ya Sala ya alfajiri au baina ya Magharibi na Isha, simu ikiwa mbali naye, kwa kuwa simu ndiyo jirani mwenye kelele kuliko wote. Kisha alichokipata amwonyeshe mtu wiki ile ile. Asihukumu dakika kumi za mwanzo. Hizo ni ushuru wa mlangoni, na kila aingiaye huulipa.

Wazee wetu walisema kuwa leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Wako wazee Kibera, Kawangware na katika miji yote ya Pwani ambao elimu na khabari zao hazijaandikwa hata mstari mmoja. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwafikie kabla hawajaondoka, na atuondolee maradhi ya taswifu. Amin.